Mnawatuma Vijana Kuuza Wasichokijua: Barua ya Wazi kwa Wakurugenzi wa Kampuni za Nyumba na Ardhi

Kwa Wakurugenzi na Wamiliki,
Kampuni za Uwakala wa Nyumba na Ardhi,
Nairobi.

Waheshimiwa,

MINT: MAWAKALA WAPYA WANAOINGIZWA KAZINI BILA KUFUNZWA

Salamu kwanza, maana ndivyo tulivyolelewa. Mimi ni mwanamke wa miaka 47, na kwa miaka 13 nimekula ugali wa udalali katika jiji hili. Nilianza kwa kuonyesha bedsita za Zimmerman na Roysambu, nikapanda hadi fleti za Kileleshwa, nikaishia kwenye ploti za Kamulu, Joska na Kitengela, kule ambako Nairobi inamwagikia siku hizi. Miaka minne ya mwisho nilikuwa msimamizi wa mawakala wapya katika kampuni ambayo sitaitaja. Wenyewe wakisoma watajijua, na wengine wengi watadhani ni wao wanaosemwa. Kwa sababu hiyo barua hii haiendi kwa mkurugenzi mmoja.

Sikukimbilia hadharani. Mara ya kwanza nilimweleza mkurugenzi wangu ana kwa ana, tukinywa chai ofisini kwake. Akanishukuru sana. Mara ya pili niliandika kurasa mbili, nikaambatisha malalamiko 11 ya wateja, kila moja na tarehe yake. Nikajibiwa kwamba suala linaangaliwa. Mara ya tatu niliomba vijana wapewe mafunzo, na kweli tukapewa: siku mbili hotelini, mhamasishaji akatufundisha kupiga makofi na kumwambia mteja "zimebaki mbili tu," kisha kila mmoja akaenda nyumbani na kikombe chenye nembo ya kampuni. Kikombe bado ninacho. Kazi niliiacha.

Kamusi inasema dalali ni mtu anayewakutanisha muuzaji na mnunuzi kwa ujira. Hapa Nairobi ukiitwa dalali umetukanwa. Tumefikaje huko? Watu husema ni vijana wa siku hizi, hawana adabu wala subira. Mimi nimewasimamia vijana hao. Mmoja ana digrii ya biashara, mwingine ametoka kuuza simu Luthuli, mwingine alikuwa kondakta wa matatu ya Rongai na alijua kuongea na watu kuliko sote. Makosa yao nimeyaona kwa macho yangu, na nasema hivi: mengi yalikuwa yameshaandaliwa ofisini kwenu kabla hayajamfikia mteja. Nayataja hapa chini moja baada ya jingine.

1. Kijana anauza ardhi asiyojua ilipo.

Niruhusuni nirefushe hapa, kwa kuwa hapa ndipo watu wanapopotezea jasho la maisha yao.

Kijana wa miaka 24, mwezi wake wa tatu kazini, alimpeleka muuguzi mstaafu kuona ploti ya hamsini kwa mia upande wa Kamulu. Ofisi ilikuwa imempa vitu vitatu: picha ya kiwanja chenye nyasi, alama ya mahali kwenye ramani ya simu, na nakala ya hatimiliki. Akaifuata ile alama hadi kwenye bikoni, lile jiwe la mpaka, iliyopakwa chokaa, akasema, "Mama, ni hapa." Mama akazunguka, akapapenda, akapigwa picha amesimama katikati. Wakili wake akafanya sachi, yaani ukaguzi wa rekodi kwenye ofisi ya ardhi, ikatoka safi: jina la muuzaji ni lenyewe, hakuna mkopo wa benki, hakuna zuio la mahakama. Pesa zikalipwa. Hatimiliki ikatoka kwa jina la mama. Akaweka nguzo, akazungusha seng'enge, akachimbisha shimo la choo. Wiki ya sita akatokea mwenye ploti.

Ploti ya mama ilikuwa ya nne kutoka pale, kwenye mteremko ambao mvua ikinyesha maji hupita katikati yake.

Hakuna aliyedanganya, na hilo ndilo linaloniuma. Muuzaji alikuwa na cheti halali. Wakili alifanya kazi yake. Kijana aliamini simu. Tatizo ni kwamba sachi inakuambia ardhi ni ya nani na ina mzigo gani juu yake, lakini haikuambii iko wapi. Ili ujue ilipo unahitaji ramani ya upimaji ya eneo lile, namba ya ploti, na saveya (mpima ardhi) mwenye leseni aje na vyombo vyake akuonyeshe bikoni moja moja, zote nne. Alama ya kwenye simu huwekwa na mtu yeyote. Bikoni hung'olewa na trekta, husogezwa na jirani mwenye tamaa, hufunikwa na udongo. Nilimuuliza kijana kama alilijua hilo. Akaniambia, "Madam, nilidhani sachi ikitoka safi tumemaliza." Miezi mitatu ofisini, na hakuna aliyemwambia kwamba hizo ni kazi mbili tofauti.

Kampuni ilimfukuza siku hiyohiyo. Kamisheni ilibaki nayo.

Na si mipaka tu. Vijana wengi niliowapokea hawakujua kwamba ardhi ya kilimo haihami kwa mnunuzi bila idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi, na kwamba ombi la idhini linapaswa kupelekwa ndani ya miezi 6 tangu mkataba ufanywe. Hawakujua kwamba chini ya Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 nyumba ya ndoa haiuzwi na mmoja kimyakimya. Nimeona mauzo yakifa mezani kwa sababu mke aligundua siku ya kutia sahihi. Hawakujua kwamba makubaliano ya kuuza ardhi sharti yaandikwe, yatiwe sahihi na pande zote, na yashuhudiwe, kwa hiyo walikuwa wakimhakikishia mteja kwamba wamekwisha "kushikana mkono na mwenye shamba." Tangu Aprili 2021 kuna Ardhisasa, mfumo wa serikali wa huduma za ardhi mtandaoni, na ilianza na Nairobi hii hii, ili watu wapunguze kushinda kwenye foleni za Ardhi House, makao ya Wizara ya Ardhi. Kijana wenu anauza ardhi ya mamilioni na hajawahi hata kuonyeshwa namna ya kuingia.

Kuna jambo moja zaidi ambalo ningetaka kila wakala mpya alijue kabla ya kupewa kadi ya kampuni. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa, ilisema kwamba hatimiliki peke yake haitoshi kumlinda mnunuzi ikiwa njia iliyoizaa ilikuwa na kasoro. Kwa lugha ya kazi yetu: usiishie kuuliza nani ana cheti leo, uliza cheti kilitoka kwa nani, na huyo alikipata wapi, hadi mwanzo. Syokimau Novemba 2011 na Mavoko Oktoba 2023, tingatinga zilipofika kubomoa nyumba za watu, wengi walikuwa na karatasi mkononi. Karatasi hizo kuna mtu aliwauzia, na huenda mtu huyo naye aliambiwa "zimebaki mbili tu."

2. Pesa za mteja zinapita kwenye simu ya kijana.

Msichana mmoja wa timu yangu alipokea shilingi 18,000, amana ya nyumba ya chumba kimoja cha kulala huko Kahawa West. Zilitumwa kwenye M-Pesa yake binafsi kwa sababu mteja alikuwa na haraka ya kuifunga nyumba isichukuliwe, na mhasibu wa ofisi alikuwa ameenda chakula cha mchana. Kati ya hizo alitumia 6,000 kulipa kodi yake mwenyewe, akiwa na nia ya kuzirudisha kamisheni yake ikitoka. Kamisheni hiyo ilikuwa imechelewa wiki saba. Mteja akaja na begi na godoro Jumamosi asubuhi, keateka (mtunza jengo) akakataa kumpa ufunguo.

Alikosea. Nilimwambia hivyo uso kwa uso, akalia, akazirudisha kwa mkopo wa simu. Pesa ya mteja si yako hata kwa saa moja, hata kama watoto wako wamelala njaa. Lakini nikitoka kwake nakuja kwenu. Sheria inataka fedha za wateja zikae kwenye akaunti yao, mbali na za kampuni na mbali zaidi na za wakala. Ninyi mna namba ya kulipia ya kampuni. Kwa nini haipo kwenye kadi ya kijana? Kwa nini risiti inachukua siku nne? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi nimeona daftari za kampuni zenye ghorofa mbili za ofisi ambazo mama mboga wa Gikomba angezionea aibu.

Kwa ununuzi mkubwa ni vivyo hivyo. Ile asilimia 10 ya bei inayolipwa mwanzo ipitie kwa mawakili, isipitie kwa wakala kabisa. Na mteja akija na mamilioni kwenye mfuko wa karatasi, kijana asimwone kuwa ni bahati. Kampuni za uwakala wa nyumba ziko kwenye orodha ya wanaotakiwa na sheria kuripoti miamala ya kutilia shaka kwa Kituo cha Kuripoti Fedha, na Februari 2024 nchi yetu iliwekwa kwenye orodha ya nchi zinazomulikwa na dunia kwa udhaifu wa kuzuia fedha chafu. Mara ngapi mmelizungumza hilo kwenye mkutano wa Jumatatu? Mimi sikulisikia hata mara moja.

3. Ada ya kutazama nyumba.

Mia tano hapa, elfu moja pale, ili mtu aonyeshwe mlango uliofungwa. Au aonyeshwe nyumba ambayo ilipata mpangaji wiki iliyopita. Au aitwe Kilimani kwa picha ya nyumba yenye bei ya Kayole, akifika aambiwe "ile imeenda, lakini nina nyingine." Nyumba chambo, tunaziita. Mtu anayetafuta nyumba kwa wiki mbili anaweza kumaliza nauli, ada na subira kabla hajaona chumba kinachomfaa.

Kijana anatoza kwa sababu hamumpi nauli. Mnajua hivyo, na mnanyamaza kwa sababu kunyamaza ni rahisi kuliko kulipa. Tena anayeumia hana pa kwenda. Sheria ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, inawalinda wapangaji wa nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nionyesheni nyumba ya kiasi hicho leo, mniite na mimi nije kuitazama, nitalipa hiyo ada.

4. Kula pande zote mbili.

Mwenye nyumba analipa kamisheni, mpangaji analipa kamisheni, na hakuna anayejua kwamba mwenzake amelipa. Mwenye shamba anataka milioni moja na nusu, mnunuzi anaambiwa mbili na robo, na katikati wamepangana mabroka watano kila mmoja na chake. Ukitaka kuchukua pande zote, ziambie pande zote, kwa maandishi. Sina la kuongeza.

5. Maneno yasiyokaguliwa.

"Dakika tano kutoka Thika Road." Nimezihesabu dakika hizo mimi mwenyewe: ni tano ukiwa kwenye boda saa nne za usiku, barabara ikiwa kavu na mwendeshaji akiwa hana mke. "Lami inakuja." Inakuja tangu niingie kazini. "Maji hayapotei," anasema kijana ambaye hajawahi kufungua bomba la nyumba anayoisifia.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wakala mpya hafundishwi kutazama, anafundishwa kusifu. Mimi niliwafundisha wangu kwenda peke yao kwanza, jioni, kabla ya mteja. Fungua bomba la ghorofa ya juu. Muulize keateka maji huja siku gani, na umuulize akiwa peke yake. Tazama kama mita ya stima ni ya nyumba hiyo au mnachanga tokeni na jirani. Lifti ina jenereta? Simama dirishani usikilize: kuna baa, kuna spika ya kanisa, kuna jogoo. Mteja anapoingia, pigeni picha za kuta, sinki na vitasa, mtie tarehe, mpe nakala yeye na mwenye nyumba, ili siku ya kuhama pasitokee vita vya amana kwa sababu ya rangi iliyochubuka kabla hajaingia. Na baada ya mvua za Aprili na Mei 2024, zilizowatoa watu majumbani mwao usiku hapa jijini, wakala anayempeleka mteja nyumba ya chini karibu na mto bila kumuuliza jirani maji yalifika wapi ana hatia. Alama ya tope ukutani haihitaji digrii.

Hapo hapo niseme la ubaguzi. Mwenye nyumba akimwambia kijana "sitaki mwanamke asiye na mume," au "sitaki wa kabila lile," kijana hupeleka ujumbe huo kwa mteja kama vile anasoma bei. Hajui kwamba Kifungu cha 27 cha Katiba kinahusu hata mlango wa nyumba ya kupanga. Mfundisheni kukataa, na mumsimamie akikataa, kwa sababu siku aliyokataa wangu mmoja, ofisi ilimpigia mwenye nyumba kuomba radhi.

6. Siri za watu kwenye makundi ya WhatsApp.

Kundi moja nililokuwamo lilikuwa na mabroka zaidi ya 200. Humo zilirushwa nakala za hatimiliki, vitambulisho pande zote mbili, namba za PIN za ushuru na picha za pasipoti, kwa maneno "nani ana mnunuzi wa hii?" Mwenye kitambulisho hajui. Anayetaka kughushi cheti amepewa kila kitu bila kutoa jasho. Tuna Sheria ya Kulinda Data tangu 2019. Nilipolitaja hilo ofisini nikaulizwa kama nataka biashara isimame.

7. Usalama wa wasichana wenu.

Hili sikuliweka kwenye ile barua yangu ya kurasa mbili, na ninajilaumu. Msichana wa miaka 22 anapigiwa simu na mwanamume asiyemjua, anataka kuona fleti tupu, ghorofa ya saba, saa kumi na mbili jioni, siku yoyote ile kwa sababu "ndio nimetoka kazini." Anaenda peke yake. Hana jina kamili la mteja, hana namba ya kitambulisho, hakuna mtu ofisini anayejua ameenda jengo gani. Akikataa anaambiwa hana njaa ya kazi. Wawili wa timu yangu waliniambia mambo ambayo si yangu kuyaandika hapa. Mmoja aliacha kazi bila kudai hata kamisheni yake.

Jengo lina daftari la wageni getini. Kampuni yenu haina.

Najua mtakayosema, kwa maana nimeyasikia yote.

Mtasema hawa si waajiriwa, ni mawakala huru wanaojitafutia. Haya. Lakini wamevaa fulana yenu, kadi yao ina nembo yenu, na mteja akiuliza ofisi iko wapi wanamleta kwenu akaribishwe maji baridi. Sura ya 533, sheria ya mawakala wa nyumba na ardhi, inataka kazi ya uwakala ifanywe na mtu aliyesajiliwa. Aliyesajiliwa ni wewe mkurugenzi (kama kweli umesajiliwa, maana wengine wenu tunajuana) na kijana anasimama chini ya jina lako. Huwezi kuwa bosi siku ya kamisheni, ukawa mpita njia siku ya malalamiko.

Mtasema mafunzo ni gharama, na kijana akishaiva anahamia kwa jirani. Wanahama, sibishi. Mimi mwenyewe nilihama mara mbili. Ila yule mama muuguzi alikuwa mweka hazina wa chama chenye wanawake 30, na chama hicho kilikuwa kinatafuta ploti upande uleule. Wamenunua kwingine, na kila harusi na kila matanga wanayokwenda wanasimulia kwa nini. Hesabu ya hilo mmeiweka kwenye safu gani?

Mtasema mteja hataki kulipia saveya. Ni kweli, mtu wa Nairobi akisikia neno "ada" anashika mfuko. Basi iwe ndani ya bei, mwenye shamba alijue tangu siku ya kwanza. Mnalipia mabango ya barabarani, mnalipia watu mashuhuri kuposti, mnalipia mahema, nyama choma na basi la kuwapeleka wateja shambani Jumamosi. Saveya wa nusu siku si ndiye atakayewafilisi.

Na mtasema soko ni gumu. Halijawahi kuwa laini tangu niingie.

Sisemi vijana ni malaika. Wanachelewa. Wanazima simu mteja akishalipa, na kati ya yale malalamiko 11, manne yalikuwa hayo tu: mtu amehamia, kitasa kimekatika siku ya pili, anampigia aliyemwita "boss wangu" wiki nzima na simu haishikwi. Wanasema "nitakurudia" na hawarudi. Hayo niliyarekebisha mwenyewe kwa ukali wa kimama, na mengi yalirekebika ndani ya mwezi. Hayo mengine saba hayakuwa ndani ya uwezo wangu. Yako ndani ya uwezo wenu.

Kwa hiyo, waheshimiwa, nililoliomba faraghani mara tatu nalidai sasa mbele ya watu:

(a) Wakala mpya asitumwe peke yake kwa miezi mitatu ya kwanza. Aambatane na mwenye uzoefu kutoka sachi hadi ufunguo, na huyo mwenye uzoefu alipwe kwa kumlea.

(b) Ploti yoyote isipokelewe hata shilingi kabla saveya hajamwonyesha mnunuzi bikoni zote, na karatasi ya siku hiyo itiwe sahihi na wote waliokuwapo.

(c) Ada ya kutazama nyumba ifutwe, na nauli na salio la simu vitoke kwenye kampuni.

(d) Pesa zote ziingie kwenye akaunti ya wateja, risiti itoke siku hiyohiyo, na kila kadi ya wakala iandikwe: usitume pesa kwenye namba yangu binafsi.

(e) Kamisheni ya kijana ilipwe ndani ya siku 14 tangu kampuni ipate yake. Mkitaka asiguse ya mteja, msiikalie ya kwake.

(f) Kila tangazo liwe na jina la wakala aliyesajiliwa anayelisimamia.

(g) Kila safari ya kuonyesha nyumba iandikwe ofisini: nani, wapi, na mteja yupi, pamoja na kitambulisho chake. Baada ya saa kumi na moja jioni waende wawili.

(h) Kwa mkurugenzi mmoja ambaye anajijua: rudisha kamisheni ya ploti ya Kamulu, lipa saveya na wakili wa kumrekebishia mama yule, na umwandikie kijana uliyemfukuza barua ya kueleza kosa lilianzia wapi, maana kila anapoomba kazi anaulizwa.

Nawapa siku 30 tangu leo. Zikipita, malalamiko yote 11, pamoja na nakala za risiti na ujumbe wa simu, na majina ya wateja waliokubali kutajwa, nitayapeleka kwa mkono wangu kwenye bodi ya usajili wa mawakala na kwa Kamishna wa Data. Nimeshayapanga kwenye faili. Ikiwa kuna kampuni ambayo tayari inafanya haya, naomba iniandikie, nami nitawapelekea vijana wazuri watano ambao sasa hivi wanauza nguo za mitumba wakisubiri mtu wa kuwafundisha kazi.

Mama muuguzi amezing'oa nguzo zake. Zimelazwa nyuma ya nyumba ya dada yake huko Umoja, zimefunikwa turubai. Shimo la choo mwenye ploti amemwambia alifukie kwa gharama yake.

Wenu mwaminifu,

Msimamizi wa zamani wa mawakala,
Nairobi.